Mkeka Mmoja, Mikono Mingi: Raha ya Kusuka Pamoja Buna

Baada ya sala ya alasiri, jua linapoanza kupoa, kivuli cha mti ulio karibu na boma hupata wageni wake. Mmoja huja na tita la nyuzi, mwingine na birika la chai ya maziwa, wa tatu na mtoto mgongoni. Mkeka ulioanzwa siku nyingi hukunjuliwa, na kila mama hukaa mahali pake pa jana. Hakuna kengele, hakuna ajenda na hakuna posho. Hata hivyo, wote hufika.

Katika eneo la Buna, kwenye barabara ya kutoka Wajir kwenda Moyale, kusuka pamoja ni desturi ya akina mama wa jamii za wafugaji tangu zamani. Wengi huihesabu kuwa kazi ya nyumbani tu, au huikumbuka mgeni anapouliza kama kuna kitu cha kununua. Makala haya yanaieleza kwa upande usiozungumziwa sana, yaani kusuka kama burudani ya marafiki. Yanaeleza mkeka hutengenezwa vipi, kwa nini kazi hii hunoga ikifanywa na wengi, ni nini kinachoitishia, na kikundi kinaweza kuanza vipi.

Kazi iliyozaliwa na kuhama

Usukaji wa mikeka kaskazini mwa Kenya ulitokana na nyumba. Wafugaji wa Kisomali hutumia aqal, nyumba ya mviringo ambayo huvunjwa asubuhi na kusimamishwa tena mahali pengine familia inapofika kwenye malisho mapya. Mifupa yake ni fito zilizopindwa, na ngozi yake ni mikeka. Siku ya kuhama, mikeka hutandikwa kwanza juu ya mgongo wa ngamia ili mzigo usimchubue, kisha fito na vyombo hufungwa juu yake. Hivyo mkeka mmoja hufanya kazi tatu: ni ukuta na paa, ni matandiko ya ngamia, na jioni ni mahali pa kulala.

Nyumba hii ni kazi ya mwanamke na ni mali yake. Msichana anapokaribia kuolewa, mama yake hukusanya ndugu wa kike na majirani ili kumwandalia mikeka ya nyumba mpya. Mkeka unaosifiwa kuliko yote ni ule uitwao kebed kwa Kisomali. Upande wake mmoja ni laini na upande wa pili una nyuzi zilizoachwa zikining'inia kama manyoya, ambazo husaidia maji ya mvua kuteremka bila kupenya. Kebed nzuri huchukua miezi. Mama mmoja akijaribu kuifanya peke yake, huku akikamua, akichota maji na kulea, harusi inaweza kumfika kabla hajaimaliza. Ndiyo maana haikuwa kazi ya mtu mmoja.

Majirani wana mila zinazofanana na hii. Wagabra wa Marsabit hufunika nyumba zao za kuhama kwa mikeka ya nyuzi za mkonge wa porini. Waborana husifika kwa vyombo vya maziwa vinavyosukwa kwa mizizi, kama kile kiitwacho gorfa. Kaskazini mwa Wajir, ambako Kiborana husikika sokoni sawa na Kisomali, ujuzi huu umechanganyika. Kwenye kivuli kimoja huenda mama mmoja akaita mmea wa mizizi hiyo argeeg na mwenzake akauita ergamsa, na wote wakaelewana bila mkalimani.

Kutoka gome hadi uzi

Asiyewahi kusuka hudhani kazi huanza siku ya kuunganisha nyuzi. Sivyo. Sehemu kubwa ya kazi huja kabla ya hapo.

Kwanza ni malighafi. Kwa mikeka ya nyumba, nyuzi hutolewa katika gome la ndani la mgunga unaoitwa galool. Gome hubanduliwa kwa vipande virefu, na hubanduka vizuri zaidi baada ya mvua mti ukiwa na utomvu mwingi. Gome la nje hutupwa, la ndani hutunzwa. Kisha hufuata hatua inayowashangaza wageni: gome hutafunwa. Akina mama hulitafuna polepole mpaka liachane na kuwa nyuzi laini. Kutafuna huko ndiko kuliko na mazungumzo machache, na wazee hutania kwamba ni wakati pekee ambapo kijiji hupata utulivu. Asiye na meno imara anaweza kuloweka gome na kuliponda kwa mti juu ya jiwe.

Pili ni kusokota. Nyuzi huviringishwa juu ya paja au kati ya viganja mpaka ziwe kamba nyembamba zenye unene unaolingana. Hapa mkono wa mtu hujulikana. Kamba ya mwanafunzi huwa nene hapa na nyembamba pale. Ya mzoefu huwa sawa tangu mwanzo hadi mwisho.

Tatu ni kusuka kwenyewe. Kamba hutandazwa, na nyuzi za kukingama hupitishwa juu na chini, mstari baada ya mstari. Mkeka mkubwa huruhusu watu kadhaa kukaa ubavu kwa ubavu, kila mmoja na sehemu yake. Shida ni kwamba lazima waende kwa kasi moja na kwa mkazo mmoja. Mmoja akivuta sana, mkeka hujikunja upande wake. Akilegeza, hutokea tumbo. Kwa hiyo wasukaji hutazamana mikono bila kuambiana, na baada ya siku chache mwendo wao hulingana kama wa watu wanaotwanga kinu kimoja.

Vyombo vya maziwa hufuata njia nyingine. Mizizi ya argeeg huchimbwa, husafishwa na kupasuliwa, kisha huzungushwa duara juu ya duara huku kila mzunguko ukishonewa kwenye ule wa chini yake. Chombo kikisukwa kwa kubana, hushika maziwa bila kuvuja. Kabla ya kutumiwa hufukizwa kwa vijinga vya miti iliyochaguliwa. Moshi husafisha chombo, huyapa maziwa ladha na huyasaidia yakae muda mrefu zaidi bila kuharibika. Kila familia ina mti wake inaoupenda, na ubishi kuhusu mti ulio bora unaweza kumaliza alasiri nzima.

Raha iko wapi?

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa kazi yenyewe ni ndefu na ya kuchosha mikono, raha yake ni nini?

Raha ya kwanza ni kuona kitu kikikua. Kazi nyingi za nyumbani hufutika siku hiyo hiyo. Chakula huliwa, maji huisha, ua uliofagiwa asubuhi huwa na vumbi jioni. Mkeka haufutiki. Kilichosukwa leo kitakuwapo kesho, na mama anayekaa kuendelea huona alama ya jana na juzi mbele yake.

Raha ya pili ni mazungumzo. Mikono ikiwa na kazi, ulimi hulegea. Watu wawili waliokaa kutazamana kwa ajili ya jambo zito huona haya kulianza. Wakiwa wameinamisha macho kwenye mkeka, jambo hilo hutoka taratibu, kati ya mstari mmoja na mwingine. Mama mgeni aliyehamia Buna kwa ndoa hujifunza hapo nani ni nani. Mjane hupata mahali pa kunyamaza pamoja na wengine. Msichana aliye karibu kuolewa husikia mambo ambayo mama yake mwenyewe angeona aibu kumwambia, lakini habaryar, mama yake mdogo, humwambia kwa mzaha.

Raha ya tatu ni kuimba na kutunga. Wasomali wana nyimbo za kazi za aina nyingi, kuanzia za kunywesha ngamia hadi za kusuka, na wanawake wana utanzu wao wa ushairi uitwao buraanbur. Mwimbo huweka mwendo wa mikono, na mtunzi mwepesi humtia ndani yule aliyechelewa kufika, au aliyekunywa chai vikombe vitatu bila kusuka mstari hata mmoja. Kucheka kunaruhusiwa, kukasirika kunahesabiwa kuwa uchoyo.

Raha ya nne ni heshima ya umri. Kwenye kivuli hicho, ayeeyo, yaani bibi, ambaye mahali pengine huambiwa apumzike, ndiye mwalimu. Macho yake huenda hayaoni tena uzi mwembamba, lakini vidole vyake vinajua. Hupitisha kiganja juu ya mkeka na kusema mahali palipolegea. Akina mama wa rika moja huitana abaayo, yaani dada. Lakini ayeeyo akisema mstari ufumuliwe, hufumuliwa.

Kwingine duniani

Haja hii ya kukaa pamoja na kuunganisha vipande haiko Buna tu.

Katika pwani ya Kenya na Tanzania, wanawake husuka miyaa ya mkindu au mkoma kuwa ukanda mrefu uitwao ukili. Ukili husukwa barazani, njiani au popote penye maongezi, kwa kuwa hubebeka mkononi. Baadaye ukanda huo hushonwa ubavu kwa ubavu kwa shazia mpaka uwe mkeka. Anayeutazama kwa makini huona kwamba ni vipande vya siku nyingi vilivyoshonwa kuwa kitu kimoja.

Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika jimbo la Karnataka nchini India, wanaishi Wasiddi, watu ambao asili yao ni Waafrika waliovuka bahari hiyo karne zilizopita, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao hutengeneza matandiko ya viraka yaitwayo kawandi. Huchukua nguo zilizochakaa, huzikata vipande na kuvishona juu ya kitambaa kikubwa, wakianzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati. Mwisho huongeza pembeni vipande vidogo vilivyokunjwa vinavyoitwa phula, maana yake maua. Kwao, tandiko lisilo na maua hayo huwa halijakamilika.

Nchini Marekani, katika kijiji cha Gee's Bend, Alabama, wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba walishona mablanketi ya viraka kutokana na nguo za kazi zilizochakaa na magunia, kwa sababu nyumba zao zilikuwa na baridi. Desturi yao ni kwamba kila mwanamke huunganisha viraka vyake peke yake, kwa mpango anaoutaka mwenyewe. Lakini kazi ya kushikiza tabaka za blanketi pamoja hufanywa na majirani wakizunguka fremu moja. Mwaka 1966 walikuwa miongoni mwa walioanzisha ushirika wa kuuza mablanketi hayo. Mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa katika majumba makubwa ya sanaa ya Houston na New York, na watu wa mjini wakasimama mbele yake kama wanavyosimama mbele ya picha za wachoraji mashuhuri.

Wanawake hao hawakuanza kwa kutafuta makumbusho. Walianza kwa sababu ya baridi, na kwa sababu kushona na jirani kulikuwa bora kuliko kushona peke yako. Sifa na soko vilikuja baadaye, juu ya kitu ambacho tayari kilikuwa na maana kwao.

Wajir inavyojua nguvu ya wanawake kuketi pamoja

Wajir ina sababu yake ya kutodharau vikao vya wanawake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukame na mapigano ya koo yaliligharimu eneo hili maisha ya watu na mifugo mingi, huku kuanguka kwa serikali ya Somalia mwaka 1991 kukiongeza silaha na wakimbizi mpakani. Hali ilifikia mahali ambapo wanawake wa ukoo mmoja hawakuweza kununua wala kuuza kwa wa ukoo mwingine sokoni.

Juhudi zilizobadilisha hali hiyo zilianza katika mazungumzo ya wanawake wachache waliokutana harusini. Walianza na jambo dogo lililoonekana wazi: soko liwe la kila mwanamke, bila kujali ukoo. Walichagua wa kulisimamia, kisha wakawaendea wazee, vijana na maafisa wa serikali. Mwaka 1993 wazee walifikia makubaliano yaliyojulikana kama Azimio la Al-Fatah, na mwaka 1995 ikaundwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Mmoja wa wanawake hao, marehemu Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa Wajir mwaka 1964, alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007 kwa kazi yake ya amani. Alifariki mwaka 2011.

Hakuna anayesema kwamba mkeka ndio ulioleta amani. Linalosemwa ni kwamba amani ilihitaji wanawake waliozoeana, wenye mahali pa kukutania pasipo na ukumbi wala mwaliko rasmi. Harusi ilikuwa mahali kama hapo. Kivuli cha wasukaji ni kingine, na chenyewe hakingoji harusi.

Kinachotoweka

Desturi hii iko mashakani kwa sababu zinazoeleweka.

Familia nyingi zimehama kutoka malishoni na kukaa pembezoni mwa miji. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika maeneo kame ya Kenya, na mifugo mingi ikafa. Familia isiyo na ngamia haihami, na isiyohama haihitaji mkeka wa kuhamia. Mvua ilipokuja kwa wingi mwishoni mwa 2023, ilileta mafuriko yaliyobomoa makazi Wajir, Garissa na Mandera, na waliopoteza nyumba walijifunika kwa maturubai. Leo nyumba nyingi za mviringo pembezoni mwa miji zimevikwa turubai, magunia na vipande vya nguo kuukuu vilivyoshonwa pamoja. Mabati yamechukua nafasi ya mikeka, na mtungi wa plastiki umechukua nafasi ya chombo cha mizizi.

Si haki kumlaumu mama anayechagua turubai. Turubai hupatikana kwa siku moja, kebed kwa miezi. Plastiki haihitaji kufukizwa, ingawa mtungi wenye mdomo mwembamba ni mgumu kusafisha ndani, na wauzaji wa maziwa ya ngamia huhimizwa kutumia vyombo vya alumini vyenye mdomo mpana.

Lakini mkeka unapoondoka, hauondoki peke yake. Huondoka pia sababu ya kukaa kivulini, na ujuzi hupoteza njia yake ya kurithishwa. Kusuka hakufundishwi kwa maneno. Msichana hujifunza akiwa kando ya mama yake, akipewa kwanza kusokota kamba ambazo hazitatumika, kisha ukingo, kisha mstari mmoja. Kikikatika kizazi kimoja tu, wajukuu watabaki kuuona mkeka huo ukiwa umetundikwa ukutani katika jumba la makumbusho, bila mtu wa kuwaonyesha mstari wa kwanza ulianzia wapi.

Namna ya kuanza kikundi

Kuanza hakuhitaji fedha nyingi. Kinachohitajika ni mpangilio mdogo na subira.

Anza na watu, si na bidhaa. Watu watano au sita wanaopenda kukaa pamoja wanatosha. Hakikisheni miongoni mwao yupo angalau mzee mmoja anayejua kazi na msichana mmoja asiyejua chochote. Bila huyo wa pili, kikundi kitafurahi leo na kufa kesho.

Chagueni siku na kivuli. Siku mbili kwa wiki baada ya sala ya alasiri ni rahisi kuzikumbuka. Mahali pawe karibu na maji na mahali watoto wanapoweza kuchezea wakionekana.

Anzeni na kitu kidogo. Mkeka wa kukalia, kifuniko cha chombo au kitanga cha kupepea makaa humalizika upesi na kumpa mwanafunzi moyo. Kebed ya kwanza ingoje mpaka mikono ya kikundi ilingane.

Tumieni kilichopo. Penye uhaba wa gome, nyuzi za magunia yaliyochakaa na vipande vya nguo zisizovaliwa tena hufaa kwa mazoezi na hutoa rangi nzuri. Cherehani ikipatikana, vipande hivyo vinaweza kushonwa kuwa mashuka ya viraka ya watoto kwa majira ya baridi ya usiku.

Tunzeni miti. Mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa. Chukueni upande mmoja tu, au matawi, na msirudie mti ule ule kabla haujapona. Mnapochimba mizizi, acheni sehemu yake ardhini na mfukie shimo. Kabla ya kukusanya, zungumzeni na wazee wanaosimamia malisho ili pasiwe na ugomvi.

Tunzeni miili. Kukaa muda mrefu umeinama huumiza mgongo na shingo. Simameni kila baada ya muda, nyosheni vidole, na msisuke mwanga ukishakuwa hafifu. Mama mjamzito akae akiegemea kitu.

Gawaneni wazi. Amueni mapema mkeka utakuwa wa nani. Njia ya zamani ni ya zamu: wote wasuke wa huyu, kisha wa yule, mpaka kila mmoja apate. Zamu hii hufanana na chama cha mzunguko ambacho akina mama wengi tayari wanakijua, ila badala ya pesa kinachozunguka ni kazi ya mikono.

Soko likija

Baadhi ya vikundi vitataka kuuza, na ni haki yao. Wasafiri, hoteli na watu waliohamia mijini hupenda vitu vyenye asili. Hata hivyo, inafaa kukumbuka mpangilio wa mambo. Kikundi kilichoundwa kwa ajili ya soko peke yake huvunjika soko linapochelewa, na soko la kazi za mikono huchelewa mara nyingi. Kikundi kilichozoea kukutana kwa furaha kinaweza kungoja mnunuzi mwaka mzima bila kutawanyika, kwa kuwa hakikukutana kwa ajili yake. Faida ikija, iongezwe juu ya raha. Isichukue nafasi yake.

Kikundi kinachotaka kufungua akaunti ya benki au kuomba mkopo na ruzuku kinapaswa kusajiliwa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, katiba yake na viongozi waliochaguliwa. Maafisa wa maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo ndio wanaoshughulikia usajili huo, na ni vyema kufika na majina kamili na nambari za vitambulisho vya wanachama wote.

Mitindo ya kusuka nayo ina ulinzi wa sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 11, inatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na Jedwali la Nne linazipa serikali za kaunti jukumu la shughuli za kitamaduni. Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Kijadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016 inazitaka kaunti kuweka rejista ya maarifa ya jamii zilizomo ndani yake. Maana yake kwa msukaji wa Buna ni rahisi: mtindo uliorithiwa na jamii unaweza kuandikwa kuwa wa jamii hiyo, ili mtu wa nje asiuchukue na kuufanya wake kibiashara bila idhini. Kikundi kinaweza kusaidia kwa kuandika jina la kila mtindo kwa Kisomali na Kiborana, matumizi yake, mmea unaotumika, na mzee aliyefundisha.

Shule zina nafasi pia. Mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi wafanye kazi za mikono, kusuka kukiwa mojawapo. Mwalimu anayemwalika ayeeyo darasani kwa saa moja hupata somo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulitoa. Wavulana wasiachwe nje. Kusokota kamba ni kazi yao pia malishoni, na wazee wa kiume wana ujuzi wao wa kuchonga kengele za ngamia ambao nao unahitaji warithi.

Jioni chini ya mti

Jua likikaribia kuzama, kazi husimama kwa sala ya magharibi. Mkeka hukunjwa ukiwa bado haujaisha, na mwenye zamu huuchukua nyumbani. Vikombe huoshwa. Mmoja hukumbusha kwamba kesho kutwa gome jipya litahitajika, mwingine huahidi hiliki kwa ajili ya chai.

Msichana aliyekuwa akijifunza hubaki nyuma kidogo, akitazama mstari wake mmoja uliopinda katikati ya mistari iliyonyooka ya wenzake. Ayeeyo angeweza kumwambia aufumue. Mara nyingi huuacha. Mkeka utakapomalizika na kutandikwa, kila aliyekuwapo atautambua mstari ule, na atakumbuka ni nani aliyeusuka, na alijifunzia kwa nani.